Mgeni kwenye mto wa wengine
Maelezo juu ya sinema «Aparajito» na miji mitakatifu ya Ganga



Siku hizi picha za mto Ganga, ule ambao kwa Kifaransa huitwa Gange, zafika hata kwetu. Mtu akifungua simu yake aona watu maelfu kwa maelfu wakioga, aona moto wa maiti ukingoni, aona wazee waliojipaka majivu mwili mzima. Anacheka, anampa jirani naye acheke, kisha anaitia simu mfukoni. Nimewasikia Wakristu wenzetu wakisema: «Tazameni wapagani hawa, wanaabudu maji machafu.» Wengine, waliosoma zaidi, wanasema kinyume: «Tazameni uzuri wa kale, hekima ya Mashariki!» Wa kwanza anadharau, wa pili anasifu. Lakini wote wawili hawakuuliza neno moja: mama yule aliyesimama majini ni nani, na ameleta shida gani mtoni?

Nataka kuwaeleza habari ya sinema moja iliyouliza neno hilo. Ni ya zamani, yaani ya mwaka 1956, na picha zake hazina rangi. Jina lake ni «Aparajito», maana yake Asiyeshindwa. Aliyeitengeneza ni Satyajit Ray, mtu wa Bengali katika India. Mwaka 1957 ilipewa tuzo kubwa kupita zote, Simba wa Dhahabu, katika mashindano ya sinema ya Venezia. Lakini hatuisomi kwa sababu ya tuzo. Twaisoma kwa sababu yafundisha namna ya kuwa mgeni mahali wanaposali watu wengine, nayo ni elimu tunayoihitaji sana.

Mto na miji yake

Kwanza tufahamu mahali penyewe. Tena tusichanganye maneno mawili: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Si kila Mhindi ni Mhindu. Wahindi wengi tuliowazoea madukani katika Afrika ya mashariki ni Waislamu, na katika India kuna Wakristu kwa mamilioni.

Mto Ganga watoka katika barafu ya milima ya Himalaya, mahali paitwapo Gaumukh, maana yake Kinywa cha Ng'ombe. Karibu na hapo pana mji mdogo wa Gangotri, wenye hekalu. Mto washuka, waungana na mwenzake pale Devaprayag, na toka hapo ndipo unapoitwa Ganga. Wapita Rishikesh, kisha Haridwar, ambapo waiacha milima na kuingia nchi tambarare. Wafika Prayagraj, mji ulioitwa Allahabad mpaka mwaka 2018; hapo waungana na mto Yamuna, na Wahindu husema mto wa tatu usioonekana kwa macho, Sarasvati, waungana nayo papo hapo. Wafika Varanasi, ambao huitwa pia Kashi au Benares. Mwisho waingia baharini, na mahujaji hukusanyika huko katika kisiwa cha Sagar katikati ya mwezi wa Januari. Safari yote ya mto ni kilometa kama 2500.

Kwa Mhindu, Ganga si mto tu, ni Mama. Kuoga ndani yake huondoa dhambi. Na anayekufa Varanasi, wao husadiki, hupata kufunguliwa, hatazaliwa tena katika dunia hii ya mateso. Ndiyo sababu wazee na wagonjwa huenda huko kungojea saa yao. Mji umejengwa upande mmoja tu wa mto, ule unaotazama jua linapotoka, na ukingo wake wote ni ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Ngazi hizo huitwa ghat. Twaona namna neno lenyewe linavyofanana na gati la bandarini kwetu. Ziko zaidi ya themanini. Katika mbili, Manikarnika na Harishchandra, maiti huchomwa moto.

Hapo wengine watasema: lakini maji ni machafu. Ni kweli, maji ya vyoo vya miji mingi yamemwagwa humo miaka na miaka. Lakini tusidhani kwamba Wahindu hawaoni. Palikuwa na mtu huko Varanasi, jina lake Veer Bhadra Mishra, aliyefariki mwaka 2013. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, tena alikuwa profesa wa elimu ya maji katika chuo kikuu cha mji ule. Mwaka 1982 alianzisha chama cha kuusafisha mto. Kila asubuhi alishuka kuoga kama mwenye kusali, na baadaye alipima maji yale yale kama mwenye elimu, akatangaza kwa sauti kwamba yanaleta ugonjwa. Kwake yeye mambo mawili hayakupingana: Mama ni mtakatifu, na watoto wake wamemtia uchafu. Anayemcheka mtu wa namna hii hajui anachokicheka.

Hadithi yenyewe

Sasa tuitazame sinema. Yaanza ndani ya gari moshi likivuka daraja la chuma juu ya Ganga. Mbele yake Varanasi yatokea. Ni mwaka 1920. Ndani ya mji huo amehamia Harihar, Mhindu wa ukoo wa makuhani, pamoja na mkewe Sarbajaya na mtoto wao wa kiume Apu, mwenye umri wa miaka kumi hivi. Wametoka katika kijiji cha Bengali baada ya kumzika binti yao na kupoteza nyumba yao. (Habari hiyo yaelezwa katika sinema ya kwanza, «Pather Panchali» ya mwaka 1955. Ya tatu, «Apur Sansar», ilifuata mwaka 1959. Zote zimetoka katika riwaya za mwandishi wa Kibengali Bibhutibhushan Bandyopadhyay.)

Kazi ya Harihar ni kukaa juu ya ngazi za mtoni na kuwasomea watu vitabu vitakatifu. Wanaomsikiliza wengi wao ni wajane na wazee. Wanatupa sarafu kidogo. Jioni anarudi nyumbani, na mke anahesabu fedha ya unga na mafuta. Apu azunguka mji: aona mpiga mieleka akizungusha rungu mtoni, awapa chakula nyani wa hekalu, akimbia katika vichochoro vyembamba. Kwake mji mtakatifu ni uwanja wa kuchezea.

Katika siku za Diwali, sikukuu ya taa, homa yamshika Harihar. Mkewe amwomba apumzike. Hasikii, atoka tena kwenda mtoni, na juu ya ngazi aanguka. Wamrudisha kitandani. Mchana mmoja, mume akiwa amelala hoi, mpangaji wa juu aingia jikoni kwa Sarbajaya kwa maneno matamu na nia mbaya. Mama yule ashika kisu cha jikoni, naye mtu akimbia. Usiku wapita. Alfajiri mgonjwa aomba maji ya Ganga. Mama amwamsha Apu, ampa chombo kidogo. Mtoto ashuka mbio kwenye ngazi tupu, ateka maji, arudi. Mama ainua kichwa cha mumewe, maji yamiminwa kinywani, na kichwa chaanguka. Papo hapo twaona njiwa wengi wakiruka pamoja juu ya nyumba na kuzunguka angani.

Basi. Hakuna hotuba, hakuna maelezo.

Baada ya hayo Sarbajaya, sasa mjane, afanya kazi ya upishi katika nyumba ya matajiri. Siku moja aona mwanawe akimtengenezea bwana mkubwa kiko chake, kama mtumishi mdogo. Hasemi kitu, lakini uso wake wasema: mwanangu hatakuwa hivyo. Wapanda tena gari moshi, wavuka daraja lile lile, wauacha mji mtakatifu nyuma yao. Wamfuata mzee mmoja wa ukoo wake kijijini. Apu afundishwa ukuhani wa baba zake, lakini aona watoto wakienda shuleni, naye ataka kusoma. Asoma vizuri, apata msaada wa masomo, aenda Calcutta. Usiku afanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa, mchana asoma. Nyumbani mama augua, akataza mtoto asiambiwe, asije akaacha mitihani. Afa peke yake akingoja miguu ya mwanawe. Apu afika amechelewa. Alia, kisha afunga mzigo wake mdogo na kurudi mjini. Maombolezo, asema, atayafanya huko huko Calcutta.

Uzuri wa sinema hii

Neno la kwanza la kusifu ni hili: Ray ameuonyesha mji wa mahujaji kama mji wa watu. Wageni wengi waliopiga picha Varanasi wametafuta ajabu: moto, majivu, nywele ndefu, ng'ombe njiani. Ray hakuzificha ngazi wala sala. Lakini alizipima kwa kipimo cha nyumba moja yenye kuta zinazobanduka na mama mmoja anayepuliza moto jikoni. Mtoni twaona sala ya baba. Jikoni twaona gharama yake. Mtu anayeishi kwa kusoma Neno atalielewa jambo hilo upesi. Mimi ni katekista, na kila mara nitazamapo Harihar akikunja kitabu chake na kuziokota sarafu chache, najua vizuri swali linalomngoja mlangoni. Nadhani makatekista wengi, tena wake zao zaidi, wanalijua.

Neno la pili: sinema haimtukuzi mtu kwa sababu tu anakaa mahali patakatifu. Mpangaji yule mwenye nia mbaya aishi hatua chache kutoka mtoni. Labda ameoga asubuhi. Naye Sarbajaya, ambaye hatumwoni akisali sana, alinda heshima yake kwa kisu na kumlinda mumewe kwa uvumilivu. Ray hapigi kelele juu ya jambo hilo, lakini twaliona. Ni fundisho ambalo nabii Yeremia aliwapa watu wa Yerusalemu waliojivunia Hekalu: kukaa karibu na mahali patakatifu hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Lafaa kwa jirani wa Kanisa kama kwa jirani wa Ganga.

Neno la tatu ni juu ya ufundi, kwa sababu ufundi mwema ni aina ya ukweli. Nyumba ya Harihar si nyumba ya Varanasi. Ilijengwa ndani ya studio Calcutta. Nyumba za Varanasi zina ua katikati, na mwanga washuka kutoka juu, mpole, bila vivuli vikali. Mpiga picha Subrata Mitra alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua ule wa kujengwa, akaelekeza taa kwenye kitambaa, si kwenye nyuso za watu, hata mwanga ukarudi chini kama wa mbinguni. Watu wa sinema wamemwiga tangu hapo. Ndiyo maana uso wa mama yule wakati wa huzuni hauonekani kama uso uliowekwa mbele ya taa. Waonekana kama uso wa jirani yetu saa kumi ya jioni. Na muziki ni wa Ravi Shankar, aliyejua pia mahali pa kunyamaza.

Neno la nne: kifo cha Harihar. Mara nyingi katika sinema mtu akifa, muziki wapaza sauti na kila mtu ajua alie wapi. Hapa kuna maji kidogo kinywani, na njiwa. Wengine husema njiwa ni roho inayoondoka, wengine husema ni ndege tu wa asubuhi wanaoruka kila siku. Ray ametuachia. Mimi naona ni heshima. Hakutwambia kwamba Harihar amefunguliwa kama alivyosadiki. Wala hakutwambia kwamba alidanganyika. Alituonyesha mtu akiomba kwa imani, na mtoto akitii, na mke akiinua kichwa. Mbele ya kitanda cha namna hiyo mgeni mwema huvua kofia.

Kasoro zake

Lakini tusiisifu bila kipimo. Sinema hii yajua sana njaa, na yajua kidogo sala. Harihar asoma, lakini hatujui anachokisoma kinamgusaje. Sarbajaya atumwa na mwandishi kuwa mama tu, mwenye upendo na wivu wa mama. Anapokufa, hatusikii kama alimwita Mungu wake. Na Apu, akiisha kupata vitabu vya shule na kidunia cha mviringo alichopewa na mwalimu wake mkuu, auacha ukuhani kama mtu avuavyo shati lililombana. Hata maziko ya mama yake hayamzuii kijijini. Wabengali wenyewe, sinema ilipotoka Calcutta, wengi hawakuipenda, maana walisema mtoto mwema hawi mkavu namna ile kwa mama yake. Mimi sikubali kwamba Ray amekosa kwa kuuonyesha ukavu huo. Vijana wetu walioenda Lubumbashi au Kinshasa kusoma wanaujua. Kosa ni jingine: kwake shule na sala ni kama gari moshi na kijiji, likija moja jingine labaki nyuma. Profesa Mishra, yule wa hekalu na wa elimu ya maji, ni ushuhuda kwamba si lazima iwe hivyo.

Huenda sababu yapatikana katika ukoo wa Ray. Alitoka katika jamaa ya Brahmo Samaj, watu walioanza Bengali katika karne ya 19, waliokataa sanamu na kufuata imani ya Mungu mmoja. Basi hata yeye, ingawa ni mtoto wa India, alifika kwenye ngazi za Varanasi kama mgeni. Alikuwa mgeni mwenye adabu, lakini alibaki nje ya mlango wa sala.

Kasoro ya pili: mji aliotuonyesha ni mji wa Wabrahmani, hata kama ni maskini. Wale wanaochoma maiti, watu wa Dom, ambao kwa karne nyingi walihesabiwa wachafu na wasioguswa, hatuwaoni kwa karibu. Moto wa kumchoma Harihar wenyewe hauonyeshwi. Nafahamu ni kwa heshima. Lakini fumbo kubwa la Varanasi ni hili: mfalme na Mbrahmani, akitaka kuondoka duniani humo, lazima apokee moto kwa mkono wa mtu aliyedharauliwa maisha yake yote. Ray alikuwa na jambo hilo mbele yake, akalipita.

Mgeni mwingine: picha bila maneno

Ili tuone vizuri zaidi, tuweke kando yake sinema nyingine. Mmarekani Robert Gardner alipiga picha Varanasi na mwaka 1986 akatoa «Forest of Bliss», yaani Msitu wa Furaha, ambalo ni moja la majina ya kale ya mji huo. Ina muda wa saa moja na nusu. Yaanza asubuhi na kumalizika asubuhi ya pili. Yaonyesha wabeba kuni, maua ya manjano, mitumbwi, mbwa, maiti, mganga mmoja, kuhani mmoja, na mkuu wa Dom. Basi, hapo wale waliopitwa na Ray wapo. Lakini Gardner hakutia maelezo yoyote, wala hakutafsiri maneno ya watu wanaosema. Wanasema, nasi hatusikii.

Wataalamu waligombana sana juu ya sinema hiyo. Wengine walisema ni nzuri mno, maana yatulazimisha kutazama. Wengine, hasa waliokaa Varanasi miaka mingi na kujua lugha, walisema mtazamaji ataondoka na macho yamejaa na akili tupu. Mimi nasimama na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba picha zake hazisahauliki. Mtu aliyepigwa picha akisema, na maneno yake yakaachwa kama kelele za ndege, amefanywa kuwa sehemu ya mandhari.

Sisi watu wa Kongo tunalijua jambo hilo katika ngozi yetu. Wageni wangapi walikuja wakapiga picha ngoma zetu, makovu ya nyuso zetu, maziko ya wazee wetu, wasiandike hata jina moja? Picha hizo ziko mpaka leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya, na chini yake pameandikwa jina la kabila tu. Kama tulichukia kutazamwa hivyo, twawezaje kufurahi kumtazama Mhindu hivyo hivyo katika simu? Pale Manikarnika wafiwa huwaomba wageni wasipige picha za moto. Na kila siku wako wanaopiga kwa siri kutoka mtumbwini. Na mwaka 2025, katika mkusanyiko mkuu wa Kumbh Mela huko Prayagraj, mahujaji walisongamana alfajiri ya tarehe 29 Januari, wengine wakakanyagwa. Serikali ilitangaza siku ile vifo 30. Wale 30 walikuwa mama wa mtu na baba wa mtu. Walikuwa wametoka kuoga, au walikuwa wakienda.

Mgeni wa tatu: padri chanzoni

Yuko mgeni wa tatu, naye ni wa kwetu. Henri Le Saux, mtawa Mbenedikto Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1910, alikwenda India mwaka 1948. Mwaka 1950, pamoja na padri Jules Monchanin, alianzisha nyumba ya sala ya Shantivanam kando ya mto Kaveri, kusini mwa India. Mwaka 1964 alikwea na padri Raimon Panikkar, ambaye baba yake alikuwa Mhindu na mama yake Mkatoliki wa Hispania, katika njia ya mahujaji hadi Gangotri na chanzo cha Ganga. Huko walitolea Misa. Le Saux aliandika safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, «Une messe aux sources du Gange», maana yake Misa kwenye chemchemi za Gange.

Hakwenda na mashine ya picha ya kuwinda ajabu. Alikwenda kwa miguu, pamoja na wanaokwenda kwa miguu. Wako waliomlaumu kwamba alikaribia mno, hata imani mbili zikataka kuchanganyika katika roho yake; lawama hiyo si ya bure, na yeye mwenyewe aliteseka nayo mpaka kufa kwake mwaka 1973. Lakini tuangalie: Ray aliwajua watu akaiacha sala, Gardner aliona sala akayaacha maneno ya watu, Le Saux alitaka kusali mahali watu wanaposali, bila kuficha kwamba yeye ni padri wa Yezu Kristu. Kwa hiyo alibeba mkate na divai.

Faida kwetu

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulitoa tangazo liitwalo «Nostra Aetate». Ndani yake Kanisa lataja Wahindu kwa jina, na lafundisha kwamba halikatai neno lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine; tena laamuru kumhubiri Kristu bila kukoma, aliye njia, ukweli na uzima. Wengi wetu tunashika nusu moja tu. Mmoja ashika heshima, asahau Kristu. Mwingine ashika Kristu, asahau heshima, kana kwamba Kristu mwenyewe hakukaa kisimani na mwanamke Msamaria, akaomba maji kwanza, kabla ya kumpa maji yaliyo hai.

Tofauti ipo, na Mkristu asiifiche. Sisi twabatizwa mara moja, na ni Kristu anayetuosha, si mto, hata uwe Yordani. Twangojea ufufuko wa mwili. Hatutafuti kuponyoka katika kuzaliwa tena na tena. Lakini tukumbuke Naamani Msiria katika Agano la Kale. Alipoambiwa aoge Yordani alikasirika, akisema mito ya kwao ni bora kuliko maji yale madogo ya Israeli. Dharau juu ya mto wa wengine karibu imnyime uponyaji. Aliyeanza naye ni mtumishi mdogo wa mkewe, msichana mtekwa, aliyejua kwamba bwana wake anaumwa.

Hiyo ndiyo elimu tunayoipata katika «Aparajito», pamoja na kasoro zake. Kabla ya kusema mto huu ni wa kweli au si wa kweli, tujue kwanza kwamba mtu anaumwa. Anayepata nafasi ya kuiona sinema hiyo, shuleni au katika chumba cha parokia, aione pamoja na vijana. Asiwaeleze mengi kabla. Wakifika penye mtoto anayekimbia na chombo cha maji alfajiri, awaache watazame kimya. Kisha awaulize: mkiona sasa watu wakioga Ganga katika simu zenu, mtaona nini?